Watoto wa Mgongoni

Lusajo alimalizia kilio alichokuwa amekianza asubuhi.

Kifuniko cha kitanda kilipoinuka, mdomo wake ulikuwa bado wazi na chozi lilikuwa bado katikati ya shavu. Sauti iliyokatwa na mvuke wa usingizi kabla jua halijachomoza ikatoka palepale ilipoishia. "...usiende, mama!"

Mama yake, Atuganile, alikuwa ameshainama juu yake. Mikono yake ilinuka majani mabichi ya chai, na koti lake la mpira lilikuwa bado linachuruzika maji ya mvua. "Sijaenda, baba," alimwambia. "Nipo hapa. Tazama, nipo."

Kwa Lusajo hayo yalikuwa kweli. Alikuwa amefumba jicho, akalifumbua, na mama yupo. Kilichomshangaza ni koti tu, maana sasa hivi lilikuwa kavu na sasa hivi limelowa. Aliligusa kwa kidole, akatazama kidole, akasahau kulia.

Tusekile alikuwa amesimama karibu na mlango wa ghala, miwani mkononi. Yeye ndiye Afisa Malezi wa Halmashauri ya Mji wa Lupando, na jioni alizopata nafasi alikuja kusimama hapo wakati vifuniko vinainuliwa. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu watoto hana budi kuwaona nyuso.

Mbonile, mhudumu wa ghala, alipita kati ya vitanda akiwa na sweta za watoto mikononi. Kila jioni, kabla ya kuinua vifuniko, alizitandaza juu ya bomba la maji ya moto ili kila mtoto aamke na kuvishwa kitu chenye joto. Hilo halikuwamo kwenye kazi alizopangiwa. Akiulizwa, husema tu kwamba Lupando kuna baridi.

Vitanda vya utulivu vililetwa mwaka ule kiwanda cha chai kilipoongeza zamu. Mtoto analazwa, kifuniko kinashushwa, mvuke unaingia, na mwili wake wote unapunguza mwendo: moyo, pumzi, njaa, hata kukua kwa kucha. Saa zote za kazi ya mzazi, kwake ni kupepesa jicho. Haanguki, haungui, haibiwi. Na Sheria ya Nafasi ilikuwa wazi. Hakuna mzazi atakayeitwa zamuni kama mtoto wake wa chini ya umri wa shule hana nafasi, na ni wajibu wa halmashauri kuhakikisha nafasi zinatosha. Nafasi, ilisema sheria, ni mahali salama, penye uangalizi, kwa saa zote za kazi. Kitanda kilitimiza yote hayo. Walioitunga hawakuwahi kufikiri kwamba iko siku itabidi waandike kuwa mtoto awe macho.

Basi mji ukawa na nafasi za aina mbili. Zilikuwako nafasi za macho, kwenye vituo vyenye walezi, uji na kelele, na hizo zilikuwa chache. Waliobaki wote walipewa nafasi za usingizi, ghalani. Lusajo alikuwa amelazwa tangu alipoachishwa ziwa. Kwa hesabu ya kuzaliwa alikuwa na miaka minne. Kwa urefu, kwa meno na kwa maneno, ungempa miwili.

"Atu," Tusekile aliita. "Njoo mara moja. Nina habari."

"Isiwe mbaya, mama. Leo sina pa kuiweka."

"Si mbaya. Mizani imeona nafasi za macho, Kituo cha Mlimani. Lusajo ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Kesho nampeleka mwenyewe."

Mizani ndiyo mashine iliyokuwa ikipima nafasi za mji mzima, kila kituo na kila ghala, na kutoa majibu yake kwenye kishikwambi cha Tusekile. Haikuwa na kawaida ya kutoa habari njema. Atuganile alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine.

"Atakaa macho siku nzima?"

"Siku nzima."

"Kwa hiyo ataniona nikiondoka."

"Atakuona."

"Na atakaa huko akijua kwamba sipo." Atuganile alitazama chini. "Mama, mimi huwa najifariji kwa jambo moja tu. Kwake yeye sijawahi kumwacha."

Tusekile alimfunga Lusajo kifungo cha sweta kilichokuwa kimerukwa. "Ni kweli," alisema. "Lakini pia hajawahi kukuona ukirudi."

*

Asubuhi ilikuwa ya mvua, mvua ile nene ya Lupando isiyojua kupumzika. Tusekile alipanda mlima na mwavuli, Lusajo amemshika kidole. Mtoto alilia hadi kwenye daraja, akalia tena baada ya daraja, kisha akaona bata wawili kwenye dimbwi na kunyamaza. Aliwatazama kwa muda mrefu. Siku zote za kazi alikuwa ghalani, na siku ya mapumziko mama yake huwa amechoka mno kutembea. Tusekile alisimama naye mvuani hadi bata walipoondoka wenyewe.

Kituo cha Mlimani kilikuwa na chumba kimoja kirefu, jiko la uani, na nyuma yake mfereji wa kutoa maji mlimani. Mlezi mkuu alikuwa Mama Sekela, mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, Mama Sekela."

"Marahaba, Afisa. Umekuja na mvua yako yote! Na huyu bwana mdogo ni nani?"

"Lusajo. Ametoka ghalani. Mizani inasema una nafasi nne wazi."

Mama Sekela alikuwa na mtoto mgongoni, amemfunga kwa mbeleko ya kitenge cha manjano, na mkono wake ulirudi nyuma ukampigapiga taratibu ingawa mtoto hakuwa analia.

"Nne," alirudia. "Mashine imesema hivyo?"

Tusekile aliingia ndani, akatazama. Sakafu ilikuwa imejaa watoto. Walikaa bega kwa bega kwenye mikeka, wakibanana kwenye benchi la uji, wawili wakigombania kikombe kimoja. Walezi walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mpishi alikuwa na mtoto mgongoni. Mfagiaji aliinama kufagia na mtoto mgongoni. Juu darini kihesabio cha Mizani kiliwaka taa yake ya kijani, na chini ya taa kilionyesha kwamba chumba hakijajaa.

"Huyo wako ni nani?" Tusekile aliuliza.

"Mjukuu."

"Na wa mpishi?"

"Mjukuu wa mpishi."

"Mama, huyo wa mfagiaji miguu inafika magotini. Huyo naye wa kubebwa?"

"Amedeka tu, Afisa. Watoto wa siku hizi."

Mpishi alicheka, akaziba mdomo. Tusekile hakucheka. Alitazama tena kihesabio, kisha migongo, na akaelewa. Kihesabio kilihesabu joto. Kila mwili wenye joto ulikuwa mtu mmoja, mwili mkubwa mtu mzima, mwili mdogo mtoto. Mtoto aliyefungwa barabara kwenye mgongo wa mtu, chini ya kitenge kimoja, joto lake na la aliyembeba vilikuwa kitu kimoja. Walioitengeneza mashine ile walikuwa wamefikiria watoto waliokaa, waliolala na wanaokimbia. Hawakuwa wamefikiria mgongo.

Kabla hajasema neno, mtoto mmoja alipiga ukelele kutoka mlango wa nyuma. "Mpoki anaoga!"

Mama Sekela ndiye aliyekuwa karibu. Aligeuka kukimbia, lakini mzigo wa mgongoni ulimvuta upande, goti likakosa nguvu, akaanguka kwenye fremu ya mlango huku mikono yote miwili ikirudi nyuma kumkinga aliyembeba. Mlezi mwingine alijaribu kupita akakwama naye. Tusekile hakuwa na kitu mgongoni. Aliwaruka, akatoka nje mvuani, akamkuta mtoto mdogo amekaa ndani ya mfereji, maji yamemfika kifuani na yanampeleka, naye ameshika jani la mgomba kama mtu anayesubiri mvua ipite. Alimshika kwenye ukosi wa shati akamtoa.

Mpoki alikohoa, akatapika maji kidogo, akakasirika kwamba amenyang'anywa jani. Hakuwa na jeraha lolote.

Mpishi alileta kanga kavu. Mfagiaji alianza kulia kimya kimya huku akiendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

*

Walikaa jikoni, Tusekile na Mama Sekela, karibu na moto. Mtoto wa mgongoni alikuwa ameshushwa ili Mama Sekela afungwe goti, na alisimama kando, msichana wa miaka minne mwenye macho makubwa, akimtazama Lusajo. Lusajo alimtazama pia. Hatimaye msichana alimpa kipande cha kiazi alichokuwa amekwisha kukiuma.

"Wote wana majina," alisema Mama Sekela. "Wana mama zao pia, kiwandani. Walikataa vitanda."

"Kwenye kumbukumbu, hao wako nyumbani na bibi zao."

"Naam."

"Nimekuwa nikijiuliza Lupando tumepata wapi bibi wengi hivi."

"Ni mimi huyo," Mama Sekela alisema. "Bibi wote ni mimi."

Walicheka kidogo, kicheko kilichoisha haraka. Mama Sekela alivuta kitenge mabegani. "Wa kwanza, mama yake alipiga magoti pale mlangoni. Alikuwa amempeleka ghalani mara moja, akaona kifuniko kinashuka, akamtoa. Nikamchukua. Wa pili akasikia. Sasa wa pili utamwambia nini? Kwamba wewe umechelewa kupiga magoti?" Alitikisa kichwa. "Najua sheria ni watoto watano kwa mlezi. Najua na sababu yake. Yule mtoto wa mji wa jirani aliyekabwa na punje ya mahindi, na mlezi yuko chumba hichohicho. Nilimfahamu yule mlezi. Hadi leo hali mahindi. Kwa hiyo usinifundishe hatari, Tusekile. Leo nimeiona kwa macho."

"Sikufundishi."

"Basi niandikie adhabu yangu uende."

Tusekile aliweka mikono juu ya moto. Kulikuwa na jambo alilokuwa amelifikiria tangu mfereji, na lilimwia zito kulisema. "Mama, unajua kwa nini tulinyimwa chumba cha pili hapa Mlimani?"

"Serikali haina fedha."

"Fedha ilikuwepo. Niliomba chumba na walezi wapya. Mizani ikajibu kwamba Mlimani kuna nafasi wazi, tuzijaze kwanza. Nikaomba tena mwaka uliofuata. Jibu likawa lilelile." Aligeuza viganja. "Mlivyoogopa kuzidi hata kwa mmoja, mkafunga mgongoni kila mtoto mliyeweza, hata wale halali wa kituo. Hesabu ikashuka chini. Mnaonekana pungufu."

Mama Sekela alimtazama kama mtu anayesikia jina lake likitajwa msibani. Kuni zilipasuka motoni.

"Unasema walioko ghalani," alianza, akakoma, akaanza tena. "Unasema mimi ndiye niliyewalaza?"

"Hapana. Nasema mliwaokoa wachache, na mashine ikadhani wote wameokoka."

Msichana na Lusajo walikuwa wamechuchumaa sasa, wanamtazama mdudu. Mama Sekela aliwatazama kwa kitambo.

"Nitafanya hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Nitashusha wachache tu. Hesabu ifike pale pale inapotakiwa. Hakutakuwa na wazi wala ziada. Mashine itanyamaza, na hakuna mama atakayeumia. Wewe hukuona kitu."

Lilikuwa shauri la mtu mwenye huruma, na Tusekile aliligeuzageuza kichwani kwa uaminifu. Hakuna atakayefukuzwa. Watoto wa mgongoni watabaki macho. Naye atasimama mbele ya baraza, kama kila mwaka, na kutamka kwamba nafasi zinatosha, kwa sababu vitanda vitakuwa vimehesabiwa.

"Na huyu?" aliuliza, akamwonyesha Lusajo kwa kidevu.

Mama Sekela alisugua goti lake.

"Na mwenye kitanda cha pembeni yake?" Tusekile aliendelea. "Nikisema tumejaa tu, wataniambia vitanda vipo. Lazima niseme yote, mama. Ya mgongoni na ya ghalani. Nikisema nusu, nusu nyingine italala."

"Ukisema yote, wanangu hawa wanatoka hapa. Mama zao wanaondolewa zamuni siku hiyohiyo. Mimi leseni yangu inakwenda. Ukiwashusha hapa utawapeleka wapi, Afisa? Nyumbani kwako?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe kabla ya kusema. Ukinikataza, sitataja Mlimani."

Mama Sekela aliinuka kwa kushika ukuta, akajaribu goti. "Sina jibu," alisema. "Nina uji motoni na watoto wana njaa." Alichukua mwiko. Halafu, bila kugeuka, akaongeza: "Huyo wako usimrudishe leo. Mfunge mgongoni. Kitenge kiko nyuma ya mlango."

Tusekile alikifunga kitenge. Lusajo aliegemeza shavu lake kati ya mabega yake, akatulia. Kutwa nzima afisa wa halmashauri alimenya viazi, akafuta makamasi, akaimba nyimbo alizodhani amezisahau, na kutwa nzima kihesabio juu darini kiliendelea kusema kwamba nafasi nne ziko wazi.

*

Siku ya tamko ukumbi wa baraza ulijaa. Desturi ilikuwa fupi. Mwenyekiti anauliza, afisa anajibu, madiwani wanapiga makofi, kisha chakula. Jibu la afisa halikupigiwa kura wala halikuweza kubadilishwa. Lilikwenda wizarani kama lilivyotamkwa, na wizara ililazimika kulijibu msimu uleule.

Mkurugenzi wa mji, kijana mpole aitwaye Kyando, alimsogelea Tusekile kabla ya kikao. "Mama, ni neno moja tu," alimnong'oneza. "Lisemwe tukale. Pilau inapoa." Halafu alimwona uso, akaacha mzaha. "Kuna nini?"

"Kaa, mwanangu. Utasikia."

Mwenyekiti Mwaisumbe aligonga meza. "Afisa Malezi. Je, halmashauri hii imehakikisha nafasi za kutosha kwa watoto wake?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Tusekile, "hazitoshi."

Kuna aliyecheka nyuma, akidhani ni utani. Mwenyekiti alivua miwani. "Nadhani hukunisikia vizuri. Mizani ilikwisha kutuletea majibu. Kila mtoto ana nafasi, na Mlimani kuna za ziada."

"Za ziada hazipo. Na kitanda si nafasi. Mtoto aliyelazwa ghalani tumemhifadhi, Mheshimiwa, kama tunavyohifadhi mbegu. Anakaa salama, lakini haoti."

"Sheria inasema kitanda ni nafasi!" diwani mmoja alipaza sauti.

"Sheria inasema halmashauri ihakikishe. Mimi ndiye ninayetamka kama imehakikisha, na siwezi kutamka."

"Unajua maana yake?" Mwenyekiti hakufoka. Aliuliza kama mtu anayemwomba mwenzake asiruke. "Kuanzia kesho kiwanda hakitawaita mama wa watoto hao. Wote. Mpaka wizara ijibu. Unawanyima watu riziki, Tusekile, watu wa mitaa yako mwenyewe."

"Najua," alisema Tusekile. "Jana na juzi nimekuwa nikiwaza nyumba moja moja."

"Na hizo za Mlimani? Kwa nini unasema hazipo wakati mashine inaziona?"

Tusekile alinyamaza. Alikuwa amemwahidi Mama Sekela. Hakuwa amepewa ruhusa ya kusema, na hakusema. Minong'ono ikaanza, na Kyando akainamisha kichwa kwa aibu kwa niaba yake.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mama Sekela aliingia akichechemea, amejifunga kitenge cha manjano, na nyuma yake wakaja walezi wenzake, na mpishi, na mfagiaji. Walikuja hadi mbele ya meza kuu. Hakuna aliyewaalika na hakuna aliyethubutu kuwazuia.

"Muulizeni mwenye nafasi zenyewe," alisema Mama Sekela. Alifungua fundo la mbeleko kifuani, akainama kwa uchungu wa goti, na yule msichana mwenye macho makubwa akateremka mgongoni mwake, akasimama sakafuni. Mpishi akafungua fundo. Mfagiaji naye. Mmoja baada ya mwingine watoto walishuka, wakavuta nguo zao chini, wakatazama taa za ukumbi. "Hawa ndio nafasi zenu za ziada, waheshimiwa. Mashine yenu haikuwaona kwa sababu sisi tuliwaficha. Kosa la kuwaficha ni letu. Kosa la kuwafanya wafichwe, hilo mtagawana wenyewe."

Yule msichana, aliyelelewa vyema, aliona mzee amekaa mbele yake na akafanya alilofundishwa. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo."

Mwenyekiti Mwaisumbe alimtazama.

"Marahaba, mama," alisema. Kisha akamgeukia karani. "Tamko la Afisa liende kama lilivyo."

Leseni ya Mama Sekela ilichukuliwa alasiri ileile. Aliitoa mwenyewe mfukoni, akaifuta kwa kitenge, akaiweka mezani.

*

Atuganile aliishi kwenye chumba kimoja chenye ua mdogo. Tusekile alifika mchana, wiki ya pili bila zamu, na mkungu wa ndizi kichwani. Alimkuta anachambua majani ya maboga.

"Karibu," alisema Atuganile, bila kuinua macho. Alimpa kigoda, kwa sababu hata mwenye hasira humpa mgeni kigoda. "Ndizi weka pale."

Walikaa. Uani Lusajo alikuwa akifukuza vifaranga, akianguka, akiinuka, akifukuza tena. Amekuwa hivyo tangu asubuhi, Atuganile alisema, na jana hivyohivyo. Hajui kwamba havishikiki.

"Hukuniuliza," alisema baadaye.

"Sikukuuliza. Nilimuuliza Mama Sekela, nikakusahau wewe."

"Ulichagua kwa ajili ya mwanangu, nami ndiye ninayelala njaa. Ningekataa, mama. Nataka ujue hivyo. Ungeniuliza, ningekwambia nyamaza."

"Ungekuwa na haki."

Atuganile alitupa bua la jani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Chumba kitafunguliwa lini?"

"Wizara imekubali chumba. Kuhusu walezi bado wanabishana. Wanasema mwisho wa masika. Wasipotimiza, nitatamka tena kwamba hazitoshi."

"Na sisi tuendelee kukaa."

"Ndiyo," alisema Tusekile. Hakutafuta neno la kulainisha.

Lusajo aliwaacha vifaranga. Alikuja akiyumba, magoti yamejaa tope, akaegemea paja la mama yake. Alitaka kusema kitu kuhusu kuku, akasema nusu yake. Kichwa kilianguka mbele, kikainuka, kikaanguka tena. Macho yakafumba.

Atuganile aliruka. Majani yalimwagika. "Lusajo! Lusajo!" Alimshika mabega, akamtikisa. "Ana nini? Mama, ana nini huyu? Lusajo!"

"Mwache, Atu."

"Amelegea! Tazama shingo!"

"Mwache. Amechoka tu."

"Amechoka na nini?"

"Na siku."

Mikono ya Atuganile ilibaki palepale mabegani mwa mtoto, lakini iliacha kutikisa. Alipumua kwa haraka. Lusajo alijikunyata mapajani mwake, akasugua pua kwenye kanga, akapumua kwa kina kama mtu aliyetua mzigo.

"Sijawahi kumwona akilala," alisema Atuganile. "Akitoka ghalani jioni anakuwa mpya kabisa, usiku wake ni mchana. Mimi ndiye ninayesinzia kwanza, na hata wiki hizi bado ni hivyohivyo. Namwacha amekaa gizani anaongea na vidole vyake. Asubuhi namkuta amekwisha kulala." Alimgusa nywele. "Sikujua kwamba wanaanza hivi. Kwamba wanapigana na usingizi."

Tusekile aliinama, akaanza kuokota majani ya maboga yaliyomwagika, akiyarudisha kwenye ungo moja moja. Alikuwa na mengine ya kusema, kuhusu mafunzo ya walezi ambayo halmashauri ingeanza, na jina la Atuganile ambalo alitaka kulipendekeza. Alifungua mdomo.

Atuganile aliinua mkono kumnyamazisha. Midomo ya mtoto ilikuwa inacheza, na vidole vyake vilijikunja na kukunjuka taratibu, kama vinashika kitu kilichokubali kushikwa. Alicheka usingizini, kicheko kifupi chenye sauti.

Jua lilikuwa bado juu. Hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda, na Atuganile alikaa bila kusogeza hata mguu, akimsubiri mwanawe aamke mwenyewe.